Kabla Hajakugusa Uso, Muulize Brashi Ilioshwa Lini

Wasee, leo nina swali moja tu, na nataka mlibebe kutoka hapa Thika mpaka Ruiru, mlipitishe Juja kwa watu wa hosteli, mlifikishe kwa kila anayepaka watu mekapu Jumamosi asubuhi: hiyo brashi ilioshwa lini?

Sijauliza ni ya kampuni gani. Sijauliza kama seti ni ya brashi 12 ama 32. Ilioshwa lini?

Nauliza kwa sababu tumefika mahali pa ajabu. Dem wa miaka 19 anaweza kukutajia majina ya kampuni kumi za brashi bila kupumua, lakini mwambie akuonyeshe ile anapakia faundesheni, utapata imeganda kama sufuria ya ugali iliyosahaulika kwa sinki. Na hiyo ndiyo anataka kuipitisha usoni mwako. Na wewe ndiye unalipa.

Msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha. Brashi safi ya bei ya chini ni bora kuliko brashi chafu ya bei ya kutetemesha. Na fundi wa mekapu anayekasirika ukimuuliza kuhusu usafi, huyo hastahili kushika uso wako, hata kama picha zake zinang'aa namna gani.

Angalieni kinyozi. Kaka zetu wakienda kunyolewa, iwe Makongeni ama Kimbo, kuna kitu hufanyika kabla mashine haijagusa kichwa. Kijana anachukua pamba, anaimwagia spiriti, anapangusa meno ya mashine mteja akiona. Wengine wana kile kisanduku chenye taa ya bluu. Asipofanya hivyo, mteja anasema tu, "Buda, piga spiriti kwanza," na hakuna anayenuna. Hiyo tabia ilifundishwa. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, na katika miaka hiyo watu waliambiwa redioni, shuleni na kanisani wasikubali wembe wa pamoja, wawe macho na vifaa vinavyopita kwa kila mtu. Wakajifunza kuuliza. Leo hata mtoto wa darasa la tatu anajua mashine inapanguswa.

Sasa vuka barabara uingie saluni. Brashi moja inatoka kwa shavu la mtu wa kwanza, inapigwa-pigwa kwa tishu mara mbili, inaingia kwa poda, inapanda kwa shavu la wa pili. Hakuna anayesema kitu. Kwani ngozi ya msichana ni ya plastiki?

Na tusidanganyane kwa upande ule mwingine pia. Ukimwi hauenei kwa brashi ya poda, na yeyote anayekuambia hivyo anakutisha bure. Hatari zenyewe ni ndogo kuliko hiyo, lakini zinaudhi na zinakula pesa. Kuna bakteria wanaokaa kwa ngozi na puani, wakipata njia wanakuletea majipu na chokea. Kuna macho mekundu yanayowasha na kutoa tongo. Kuna vile vidonda vya mdomoni vinavyosababishwa na virusi, ambavyo ukishapata, virusi vyenyewe havitoki mwilini tena; vinalala na kuamka vikitaka. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalivyotembea Mombasa na Pwani yote? Watu waliambiwa waoshe mikono, wasishike macho, wasishiriki taulo. Brashi ya rangi ya macho ni nini kama si taulo ndogo yenye mpini?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo sitajifanya lekchara wa bakteria. Lakini kusoma bado najua. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham huko Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vipodozi 467 ambavyo watu walikuwa wanavitumia. Tisa kati ya kila kumi vilikuwa na bakteria. Kilichoongoza kwa uchafu ni ile sponji ya kupakia faundesheni: asilimia 93 hazikuwa zimewahi kuoshwa hata siku moja, na asilimia 64 zilikuwa zimeangushwa chini zikaokotwa, kazi ikaendelea. Hiyo ni Uingereza, mahali mfereji hautoki kwa zamu. Sasa fikiria sponji iliyolala ndani ya kipochi chenye zipu, imelowa, kwa begi, ndani ya matatu ya 237 iliyojaa, kwa jua la Januari. Unyevu, joto, mafuta ya ngozi. Ukitaka kufuga bakteria huwezi kuwajengea nyumba nzuri kuliko hiyo.

Kwa nini hatusikii haya? Kwa sababu kuosha hakulipi. Kampuni haitoi pesa mtu aseme kwamba brashi ulizo nazo zinatosha. Video ya brashi 30 zimepangwa juu ya kitambaa cheupe inapata mdhamini. Video ya mtu ameinamia karai anasugua brashi, nani ataidhamini? Ndiyo maana mnaonyeshwa kununua kila wiki, na kuosha hamwonyeshwi. Halafu msichana anayeanza biashara Ruiru, hana mtaji, anaaminishwa kwamba bila seti kubwa yeye si fundi. Anakopa kwa simu ananunua seti kubwa, anatumia sita, zilizobaki zinakusanya vumbi, na deni linakua.

Basi tuongee kuhusu kununua.

Uso wako una mashavu mawili, macho mawili na mdomo mmoja. Ukiwa unajipaka mwenyewe, brashi tano zinatosha kabisa. Moja iliyoshikana ya faundesheni. Moja kubwa, laini, ya poda. Moja iliyokatwa mshazari ya blasha na kontua. Moja ndogo bapa ya kuweka rangi kwenye kope. Moja ndogo ya manyoya ya kutawanyatawanya ili rangi zisikae kama mistari ya barabara. Ukitaka sponji, ongeza sponji, lakini ujue umeongeza kazi ya kuosha.

Usinunue kwa kuangalia rangi ya mpini. Shika. Bonyeza ncha za nywele nyuma ya kiganja chako, pale ngozi ni nyembamba. Zikichoma, weka chini. Kuna mji unaitwa Kumano, mkoa wa Hiroshima, Japani, ambao umejulikana kwa kutengeneza brashi kwa vizazi. Mafundi wa pale hawakati ncha za nywele kwa makasi ili kupata umbo. Wanazipanga kwa mkono mpaka umbo litokee lenyewe, ndiyo maana zinateleza usoni. Wanawake wa Japani waliposhinda Kombe la Dunia la soka mwaka wa 2011, zawadi ambayo serikali yao ilimpa kila mchezaji ilikuwa seti ya brashi za Kumano. Mabingwa wa dunia, na wakapewa brashi. Kule brashi ni chombo cha heshima. Huku kwetu tunaitupa kwa droo pamoja na chaja na funguo. Sikwambii uagize Japani. Nakwambia ncha iliyokatwa vibaya utaijua kwa ngozi yako, hata kama brashi ni ya kibandani.

Pili, vuta nywele kidogo. Moja au mbili zikitoka, si neno, mpya hufanya hivyo. Zikitoka kila ukivuta, mrudishie muuzaji kwa adabu. Tatu, shika ile pete ya bati inayounganisha nywele na mpini, tingisha. Ikicheza, gundi ni mbovu, na ukiiosha mara chache kichwa kitabaki mkononi. Nne, chukua tishu nyeupe, ilowanishe, pitisha brashi juu yake. Tishu ikibadilika rangi, hiyo rangi ilikuwa inakuja shavuni. Muuzaji asipotaka ujaribu, mwambie asante uende zako. Thika haijawahi kuwa na uhaba wa maduka ya urembo.

Halafu kuna nywele zenyewe. Kuna za mnyama, kama mbuzi, farasi na kindi, na kuna za sintetiki. Za mnyama hushika poda vizuri, lakini zinakunywa vitu vya majimaji na mafuta, zinachelewa kukauka, na spiriti ya kila mara inazikausha zinakatika. Za sintetiki hazinyonyi sana, zinaoshwa haraka, zinakauka haraka, zinavumilia spiriti. Kwa mtu wa keja moja mwenye karai moja, ama fundi anayepaka watu wengi kwa siku, sintetiki ndiyo mwendo. Kwa hivyo usitishwe na anayekucheka kwamba yako "si nywele halisi." Yake halisi aliiosha lini?

Na hata ikiwa mpya kutoka dukani, ioshe kwanza. Hujui mikono mingapi imeibonyeza kabla yako.

Kuosha kwenyewe ni rahisi mpaka inaudhi. Lowanisha nywele pekee, brashi ikiangalia chini, maji yasipande kwenye ile pete, kwa sababu yakiingia huko yanaregeza gundi na kuozesha mti. Weka tone la shampuu ya watoto kwenye kiganja, zungusha brashi hapo mpaka povu libadilike rangi, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe. Kamua kwa vidole, usinyonge. Irudishe umbo lake. Ilaze kando ya meza, nywele zikining'inia nje ili hewa ipite pande zote, uiache ilale usiku kucha. Usiisimamishe ndani ya kikombe ikiwa imelowa, maji yatashuka kwenye gundi. Usiipige drayer ya moto. Na usiirudishe ndani ya kipochi kabla haijakauka, la sivyo umefanya kazi ya bure.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri uoshe brashi zako kila baada ya siku 7 hadi 10. Hizo ni zako peke yako, kwa uso wako peke yako. Sponji inatumia maji kila siku, kwa hivyo ioshe kila ukimaliza, na ikianza kupasuka ama kubaki na madoa, itupe tu, usiililie.

Ukipaka watu wengine, hesabu inabadilika. Kila uso mpya, brashi safi. Njia ni mbili. Uwe na seti zaidi ya moja za zile brashi chache unazotumia kweli, ama usafishe kati ya mtu na mtu. Kusafisha hapo katikati, kwanza futa uchafu wote kwa tishu na kisafishio, kwa sababu spiriti haipenyi tabaka la faundesheni. Halafu nyunyizia spiriti ya asilimia 70, ilowe vizuri, ngoja ikauke yenyewe. Usitafute ya asilimia 99 ukidhani ndiyo kali zaidi. Hiyo inakauka mbio kabla haijamaliza kazi. Yale maji kidogo ndani ya asilimia 70 ndiyo yanaisaidia kuingia. Marashi si dawa. Kupuliza kwa mdomo ndiyo kabisa, unaongeza mate. Na brashi ya maskara haisafishwi kati ya watu: tumia zile za kutupa, moja kwa mtu mmoja, na ikishagusa kope hairudi ndani ya chupa.

Mwaka jana nilikuwa kwa ruracio, Ruiru upande wa Kimbo. Wanawake saba kwa foleni, fundi mmoja, kiti kimoja cha plastiki kando ya dirisha. Wa tatu kwa foleni alikuwa anti fulani mwenye chokea, kope imevimba waziwazi. Fundi akampaka rangi ya macho, akapiga brashi kwa tishu, akamwita binamu yangu akae. Nikamwambia, "Siste, hiyo brashi isafishe kwanza." Akanitazama juu mpaka chini: "Kwani wewe ni wa afya?" Shosho mmoja akadakia, "Wacheni msichana afanye kazi, wageni wako njiani." Binamu yangu akabaki amesimama nusu, aibu imemshika, anangoja kuona nani atashinda.

Nilienda kemisti pale stejini nikarudi na chupa ya spiriti na paketi ya pamba. Fundi alizipokea bila kusema kitu. Alipangusa, akanyunyizia, akangoja. Wageni walipofika sote tulikuwa tumeketi, na hakuna aliyekosa kupendeza. Lakini kilichoniuma ni ile foleni. Wanawake saba, wote walikuwa wameona lile jicho, na wote walikuwa tayari kunyamaza, kwa sababu tumefunzwa kwamba msichana anayeuliza maswali akiwa kwa kiti cha urembo ana kiburi.

Najua mtakavyonijibu, kwa hivyo niwaokolee muda.

"Maji ni shida." Ni kweli, na nakasirika pamoja nanyi. Bwawa la Ndakaini linalopelekea Nairobi sehemu kubwa ya maji yake limejengwa kwenye mto unaoitwa Thika, na bado kuna ploti huku kwetu zinangoja siku ya zamu ili mfereji utoke. Lakini brashi tano hazihitaji karai zima. Kikombe cha maji kwa kila brashi, na ndoo ndogo inakutosha. Na hayo ya mwisho ya kusuuza unaweza kumwagia choo.

"Hakuna muda." Hesabu pamoja nami. Bibi harusi mmoja, wapambe sita, mama mzazi, anti wawili: sura kumi, kabla hawajaenda kupiga picha Blue Post kando ya maporomoko ya Chania. Brashi isiposafishwa, sura ya kumi inabeba mabaki ya sura tisa. Na mara nyingi bibi harusi ndiye anayewekwa mwisho ili asiharibike. Yaani mwenye siku yake ndiye anapata uchafu wa ukoo mzima. Tafuta huo muda.

"Ni rumeti wangu, tunashare kila kitu." Share sukari. Share unga. Share hata nguo. Brashi ya macho, kila mtu na yake.

"Unaharibia wasichana biashara." Hapa ndipo mnanikosea zaidi. Biashara inaharibiwa na anayeficha. Kupaka mekapu ni ufundi kama ufundi mwingine. NITA inatahini mafundi wa urembo kama inavyotahini fundi wa umeme na wa magari. Fundi wa umeme hashiki waya kwa mikono iliyolowa eti kwa sababu mteja ana haraka. Wewe msichana wa Ngoingwa mwenye brashi sita za kibandani na chupa ya spiriti, una kitu ambacho yule mwenye seti ya 32 hana, na hukihitaji mkopo kukipata. Kiuze. Andika kwa pakeji yako: brashi safi kwa kila uso. Ziweke mezani zikiwa zimefunikwa, spiriti ionekane, nyunyizia mteja akiona, kama kinyozi. Ukiongeza shilingi kidogo kwa sababu ya hiyo kazi, mimi nitakulipa na nitaleta wengine.

Na wewe mteja, usiogope. Huombi msaada, unatuma pesa kwa M-Pesa. Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza bei, uliza saa, halafu uliza brashi zinasafishwaje kati ya mtu na mtu. Akikueleza vizuri, mshukuru na umpe kazi. Akicheka, akinuna, ama akikujibu kwa jina la kampuni, tafuta mwingine. Kutoka Thika mpaka Ruiru wako wengi. Jumamosi ukifika, kabla hujafunga macho, tazama mkono wake unachukua brashi kutoka wapi. Ikitoka kwa uso wa mtu moja kwa moja, inua mkono useme, kwa adabu kabisa, "Siste, piga spiriti kwanza."